Neno Ambalo Hukulisoma

Kashozi, Jumatano alasiri

Kokugonza mwanangu,

Salamu tutapeana kesho kwa mdomo, na machozi kama yatakuwepo atayamwaga mama yako kwa niaba yetu sote. Blanketi, dawa, namba ya simu ya binamu yako wa Dodoma, na namna ya kuukumbatia mkoba ndani ya basi usiibiwe, hayo yote amekwisha kukuambia, na akipata nafasi atakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu. Umekwenda Miembeni kumuaga mama yako wa ubatizo, nyumba imetulia, nami nimekaa mezani na daftari ambalo tangu nistaafu sijaandika kitu ndani yake.

Wiki tatu zilizopita uliniuliza swali. Ulikuwa unamenya ndizi, ukasema, "Tata, lile jaribio la ukumbini, wewe unaona lina uzuri gani na udhaifu gani?" Ulikuwa unajiandaa, maana umesikia kwamba huko chuoni, kwenye hiyo saikolojia yenu, wanakupa jaribio lililofanywa na wengine wakakuambia ulipime. Nikakujibu kwa kejeli. Nilisema uzuri wake ni soda na sabuni, na udhaifu wake ni kwamba soda ilikuwa moja. Ulicheka kidogo, ukaendelea kumenya. Niliona umeumia, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma yale maneno mbele yetu, na ilikuwa kazi yako ya kwanza mbele ya watu.

Leo nakujibu. Jibu lenyewe ni refu, na mwisho wake hautakupendeza.

Unanijua baba yako. Miaka ishirini na sita nilikuwa mpokeaji wa kahawa kwenye chama cha msingi, na kazi ya mpokeaji ni kushuku. Mtu anakuja na gunia, anatabasamu, anauliza hali ya watoto. Wewe unazamisha mkono mpaka chini, kwa sababu kahawa ya juu ni ile aliyotaka uione. Unatia punje mdomoni, unaing'ata. Ikilainika chini ya jino haijakauka, hata kama mwenyewe anaapa kwa Bikira Maria. Nilirudisha magunia ya mashemeji, nikarudisha la katekista, na mara moja nikarudisha la baba yangu mzazi, akaninunia mpaka Pasaka. Watu walisema Ta Lauriani ana jicho, na tena hasahau. Nami niliamini yote mawili.

Kwa hiyo yule mama mtafiti alipofika na barua ya ofisi ya kata, nilianza kumshuku kabla hajafungua mkoba wake. Mtu hatoki chuo kikuu kuja Kashozi kusikiliza wazee wakikumbuka maneno. Nilimwambia mama yako, "Leo wanauliza maneno, kesho watauliza mipaka." Akaniambia kama naogopa nisiende. Nikaenda kwa sababu hiyo tu.

Nilikaa mstari wa pili, nikaangalia kila kitu. Mama mtafiti alisimama na saa, wewe ukasoma, neno moja baada ya jingine, bila kuharakisha: mkungu, ndizi, jani, chipukizi, utomvu, panga, kivuli, shina, na mengine, jumla maneno kumi na tano. Kisha tukaulizwa habari za mvua na shule ili tusiyarudierudie kichwani. Kisha mmoja mmoja akaitwa kwenye chumba cha pembeni. Zamu yangu ilipofika mama mtafiti akanisomea maneno, akitaka niseme lipi lilikuwepo na lipi halikuwepo, na nina hakika kiasi gani. Akafika kwenye "mgomba."

"Lilikuwepo," nikasema.

"Una hakika kidogo, wastani, au kabisa?"

"Andika kabisa. Na kama kuna neno linalopita kabisa, andika hilo."

Yaliyofuata unayajua, lakini hujui yalivyokuwa ndani yangu. Tulipokusanyika akatuambia kwamba neno mgomba halikusomwa. Ukumbi mzima ulinguruma. Ta Buberwa akasimama na fimbo yake: "Waitu, tumemsikia sote kwa masikio yetu!" Nami nikasimama nyuma yake, nikasema mbele ya watu kwamba huenda binti yangu ameruka mstari, au ameongeza neno kwa woga, maana bado ni mtoto. Hebu fikiri. Nilikuwa na watu wawili wa kushuku, mimi na wewe, nikakuchagua wewe, tena bila kuwaza hata kidogo.

Mama mtafiti hakubishana. Alitoa simu yake akabonyeza. Sauti yako ikatoka, na kikohozi chako kidogo baada ya "kivuli," na maneno yote kumi na tano. Mgomba haukuwepo. Nikaomba arudie, akarudia. Koku, mpaka leo hii nikifumba macho nasikia sauti yako ikisema mgomba. Najua hukusema, na bado naisikia.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikatafuta makosa ya jaribio kama ninavyotafuta mawe kwenye gunia. Nayapanga hapa jinsi yalivyonijia, wewe utayapanga upya kwa lugha ya chuo.

Kwanza nilisema ni adabu. Mhaya hamwambii mgeni hapana. Mgeni ametoka mbali, amekuletea soda, anakuuliza kwa upole kama neno lilikuwepo. Wewe unaitikia ili asiaibike. Nikaona nimewakamata. Lakini jioni ile nilipokuuliza ulinikumbusha kwamba alitutajia pia "kengele" na "mtumbwi," maneno ambayo nayo hukuyasoma, na hakuna mzee hata mmoja aliyekubali kengele. Kama ingekuwa adabu tungekubali na kengele. Nilikaa na jibu hilo siku mbili nikilitafutia tundu, sikulipata. Huo ni uzuri wa kwanza wa jaribio, uandike: waliweka mtego wa kujikamata wenyewe. Mimi katika miaka yote ya kahawa sikuwahi kujiwekea mtego.

Kisha nikasema ni lugha. Hapo sijashindwa bado. Sisi wazee, neno la Kiswahili likiingia sikioni linageuka Kihaya kabla halijakaa, na likitoka linageuka tena. Huenda mgomba uliingia hapo, kwenye kugeuza. Kama ningekuwa mwalimu wako ningekudai ufanye jaribio lile lile kwa Kihaya, na wewe huyo huyo ukiwa msomaji, tuone kama mgomba utakuja tena.

Na walioulizwa ni akina nani? Ni sisi, watu wa misa ya kwanza wenye nafasi Jumamosi. Wavuvi wa Goziba hawakuulizwa. Kule kisiwani mtu akisahau alipotega nyavu zake analala na njaa. Labda kichwa chake kinashika kwa namna nyingine. Na lililo kubwa kuliko yote, yale yalikuwa maneno tu. Hakuna aliyenyang'anywa shamba kwa sababu ya "jani" na "utomvu." Ulisoma, tukaongea habari za mvua, tukaulizwa. Mambo ya mtu hayako hivyo. Mambo ya mtu yana miaka hamsini, yana kilio, yana ndugu. Niliona hapo ndipo nimelishinda jaribio lenu, nikawa tayari kukuita nikuambie kwamba kitu kidogo cha ukumbini hakiwezi kumhukumu mtu mzima.

Lakini lilibaki lile swali la hakika. Mama mtafiti alisema wengi waliosema mgomba ulikuwepo walisema kabisa, kwa sauti ile ile waliyosemea ndizi na mkungu. Mimi nilijijua ni mkweli kwa sababu ya hakika yangu. Sikuwa na kipimo kingine. Kumbe hakika inakuja hata pale ambapo hapakuwa na kitu. Hiyo ndiyo nguvu ya jaribio, Koku, na udhaifu wote niliokutajia hauiondoi.

Basi nikaanza, kwa mara ya kwanza maishani, kuzamisha mkono kwenye gunia langu mwenyewe. Nyani haoni kundule, wanasema, na mimi nilikuwa nyani mwenye cheti cha kupima wengine.

Sasa nifike kwa mama yako mdogo Auleria, mke wa marehemu mdogo wangu Kamugisha. Ulikuwa na miaka minane Kamugisha alipofariki. Mwaka uliofuata, Auleria alisema mpaka kati ya kibanja chetu na chao unapita upande wa chini wa lile shimo la kuivishia ndizi za pombe ya rubisi, kwa hiyo shimo na ile migomba inayolizunguka ni vyao. Mimi nilisema unapita upande wa juu wa shimo, kwa hiyo ni vyetu. Mmea wa mpaka, omulamula, ulikuwa haupo tena, si juu wala chini. Wazee wa ukoo wakaja kutembea mpakani, na mimi nikatoa ushahidi.

Nilisema nilimwona baba yangu kwa macho yangu. Nilikuwa darasa la tatu. Mvua ilikuwa inanyesha, amevaa koti lake la kahawia, akachomeka fimbo ya omulamula juu ya shimo, akasema, "Lauriani huku, Kamugisha kule." Nilieleza mpaka maji yalivyokuwa yanachuruzika kwenye mkono wa koti. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Sikudanganya, mwanangu. Naiona siku ile mpaka sasa.

Wiki moja baada ya jaribio nilikwenda kwa shangazi yako Paskazia. Ukutani kwake kuna picha mbili za harusi yake. Kwenye ya kanisani baba yuko na shati. Kwenye ya jioni ana koti la kahawia, jipya, mikono inamfunika vidole. Nikamuuliza Paskazia limetoka wapi. Akacheka: "Wewe umesahau? Alizawadiwa siku hiyo na wakwe zangu. Kabla ya hapo Tata hakuwahi kuwa na koti." Siku ya harusi ile mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Darasa la tatu, mvua ile, omulamula ule, koti halikuwepo duniani mwetu.

Sisemi kwamba mpaka ulikuwa chini. Koti likiwa la uongo, omulamula huenda ni wa kweli. Ninachojua ni kwamba niliwapa wazee koti na mpaka kwa hakika moja, na koti halikuwepo. Ningemrudishia mkulima gunia kwa kasoro ndogo kuliko hiyo.

Na bado hatujafika kwenye lile linalonifanya niandike. Wazee hawakuamua kwa maneno yangu peke yake. Nilikuwa mwenye faida, nao wanajua mwenye faida anavyokumbuka. Waliamua kwa maneno yako.

Unakumbuka, najua unakumbuka, maana Pasaka iliyopita uliwasimulia wageni huku unacheka. Ulikuwa na miaka tisa. Ulisimama mbele ya wazee na gauni lako la Komunyo, ukasema uliuona omulamula juu ya shimo siku tulipokwenda kukata majani, na juu yake kulikuwa na kinyonga, ukamwogopa, nikakubeba. Kinyonga ndiye aliyemaliza kesi. Mzee mmoja alisema, "Mtoto hawezi kutunga kinyonga." Auleria alikuangalia muda mrefu, kisha akafunga kanga yake.

Sasa nikuambie yaliyotangulia. Wiki nzima kabla ya siku ile nilikuuliza, si mara moja. Sikukuuliza, "Je, uliona chochote?" Nilikuambia, "Si unaukumbuka ule omulamula juu ya shimo, siku tulipokata majani?" Mara ya kwanza ulisema hapana. Mara ya pili ulinitazama usoni ukanyamaza. Mara ya tatu ulisema ndiyo, nikafurahi, nikakupa kipande cha muwa. Kinyonga sikukupa mimi. Alikuja mwenyewe, na alipokuja nikasema moyoni, huyu hapa, ukweli umejileta. Nilikuwa mpokeaji wa kahawa miaka yote hiyo, na gunia hilo nililipokea bila kuling'ata hata punje moja.

Mama mtafiti wako alijitahidi asikuonyeshe hata wewe msomaji analolitafuta, usije ukalisisitiza neno kwa sauti. Mimi nilikuonyesha kila kitu. Kama ungetaka mfano wa jaribio baya kabisa la kumbukumbu, lenye kila udhaifu watakaokufundisha, lilifanyika jikoni kwetu, na aliyejaribiwa ni wewe.

Nami nakutahadharisha: hata barua hii usiipokee bure. Huenda nimezeeka, nina majuto, na majuto nayo yanashona koti. Huenda hukusema hapana mara ya kwanza. Mama yako anakumbuka uliulizwa sana na kwamba ulilia; muwa haukumbuki. Mimi muwa nauona kabisa, na unajua sasa neno hilo kabisa lina thamani gani mdomoni mwangu.

Hasara haikuwa shimo tu. Auleria alibakiwa na kipande kisichoweza kulisha watoto wawili, akafunga nyumba akarudi kwao Muleba. Ulipoteza binamu uliokuwa unalala nao mkeka mmoja. Na wewe ulikua ukijua kwamba mama yako mdogo alitaka kutuibia, na kwamba wewe mwenyewe ndiwe ushahidi. Kwenye mazishi ya bibi yako ulimpita mlangoni, hukupiga goti, hukusema hata neno. Niliona. Nilipaswa kukuita pale pale nikufundishe adabu. Badala yake nilifurahi moyoni, nikasema binti yangu ana msimamo. Naona haya kuandika hilo kuliko mengine yote.

Alhamisi iliyopita, niliposema nakwenda Bukoba kutengeneza redio, nilipanda gari la Muleba. Nilimkuta Auleria anaanika maharage. Alinikaribisha, akaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo kama anavyopewa mgeni yeyote. Nilitafuna moja, nikamweleza habari za mgomba, koti na muwa. Nilisema nimekwisha kumwambia mkuu wa ukoo kwamba nafuta ushahidi wangu na wa mtoto, na bila ushahidi huo upande wangu hauna kitu, kwa hiyo wazee watakapokaa sitabisha shimo likirudi kwake. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Akasema, "Mimi mpaka sikuuona ukichomekwa, shemeji. Niliolewa umekwisha kuwepo. Kamugisha aliniambia uko chini, nikasimamia la mume wangu. Sasa hayupo wa kumuuliza."

Nikachukua kahawa nyingine kikapuni.

"Shimo watalijua wazee," akasema. "Mimi niambie, yule mtoto bado ananiona mwizi?"

Nikasema sijui. Nilitaka kusema hapana, ili nimfariji, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini sijui, kwa sababu sijawahi kukuuliza.

Alikaa akichagua mawe kwenye maharage. Kisha akaniuliza unaondoka lini, na basi la Dodoma linapita Muleba saa ngapi.

Nitakupa barua hii kesho alfajiri, mlango wa basi ukikaribia kufungwa, ili uwe na njia yote ya kutoka Bukoba mpaka Muleba ya kuisoma. Ningeweza kukuambia kwa mdomo leo jioni. Nimeogopa, hilo la kwanza. La pili, kama ningekuambia uso kwa uso, ningekuambia pia la kufanya, nawe ungenitazama usoni kutafuta jibu ninalolitaka, kama ulivyofanya ukiwa na miaka tisa. Sitaki tena. Dereva anasimama Muleba dakika chache kuchukua abiria. Kinyonga wako sikunyang'anyi, huenda ulimwona kweli mahali fulani. Ukishuka, umeshuka wewe. Usiposhuka, sitakuuliza kwa nini.

Auleria atakuwa stendi. Amesema hatapanda ndani ya basi, asije akakuaibisha mbele ya watu. Amekonda sana na nywele zimekuwa nyeupe, Koku, huenda usimtambue. Mtafute mwanamke anayetazama kila dirisha.

Baba yako,
Lauriani